Kutoka Arusha na Moshi kwenda Daraja la Victoria Falls: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaopanga safari ya kuona maporomoko ya Victoria hulihesabu daraja kama njia ya kuvukia tu. Hupita juu yake na mabegi mkononi, macho yote yakiwa kwenye mvuke wa maji, wakafika ng'ambo bila kujua wamekanyaga nini. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa Arusha na Moshi wanaotaka kulitazama daraja lenyewe, na kwa waongoza watalii wanaoulizwa habari zake na wageni wao.

Daraja lipo wapi hasa, na ni la nchi gani?

Linavuka Korongo la Pili la Mto Zambezi, chini kidogo tu ya maporomoko, karibu na pale ambapo maji yote yaliyoanguka hubanwa kwenye mlango mmoja mwembamba na kuzunguka katika dimbwi liitwalo Boiling Pot. Upande mmoja ni Zambia, na mji wake wa Livingstone upo kama kilomita 11 kutoka mtoni. Upande wa pili ni Zimbabwe, ambako mji wa Victoria Falls upo karibu kiasi cha kwenda mpakani kwa miguu. Mstari wa mpaka unapita katikati ya daraja, kwa hiyo hakuna nchi inayoweza kusema ni lake peke yake.

Lina ukubwa gani?

Urefu wote ni mita 198, na upinde mkuu peke yake una mita 156.5. Kutoka sakafu ya daraja hadi maji yanapokuwa chini ni mita 128. Ukishasimama chini ya maporomoko ya Materuni pale juu ya Moshi, ambayo hutajwa kuwa na kama mita 80, ongeza nusu yake na zaidi kidogo, halafu jione uko juu ukichungulia.

Watu huchanganya vipimo hivi na vya maporomoko. Maporomoko yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108. Daraja lipo juu zaidi ya kimo hicho kwa sababu mto unaendelea kushuka ndani ya korongo baada ya kuanguka.

Kwa nini lilijengwa karibu hivyo na maporomoko?

Cecil Rhodes, tajiri na mwanasiasa Mwingereza wa enzi za ukoloni aliyetaka reli kutoka Cape Town hadi Cairo, alitaka abiria wapite mahali ambapo rasharasha za maji zingewagusa ndani ya mabehewa. Alifariki 1902 bila kuyaona maporomoko kwa macho yake wala daraja kuanza. Lakini msisahau sababu ya kihandisi, ambayo ndiyo iliyoruhusu ndoto hiyo: juu ya maporomoko mto ni mpana kupita kilomita moja na nusu, na daraja la pale lingehitaji nguzo nyingi majini. Kwenye korongo, mwamba mgumu wa basalti umesimama kama kuta mbili zinazotazamana. Upinde mmoja unatosha, na kuta zenyewe zinageuka kuwa msingi.

Nani alilibuni na chuma kilitoka wapi?

Mbunifu ni George Andrew Hobson wa kampuni ya ushauri ya Sir Douglas Fox and Partners ya London, akisaidiwa kwenye hesabu na kijana Ralph Freeman, ambaye baadaye alihusika na Sydney Harbour Bridge ya Australia iliyofunguliwa 1932. Vyuma vilitengenezwa na Cleveland Bridge and Engineering Company huko Darlington, Uingereza, vikasafirishwa kwa meli hadi Beira, Msumbiji, kisha kwa reli hadi ukingoni mwa korongo. Msimamizi wa ujenzi pale alikuwa mhandisi Mfaransa, Georges Imbault. Kazi ilichukua kama miezi 14, na daraja likafunguliwa tarehe 12 Septemba 1905 na Profesa George Darwin, mtoto wa Charles Darwin.

Walijengaje bila nguzo wala jukwaa chini?

Hili ndilo swali linalostahili muda wako ukiwa pale, kwa sababu jibu lake bado linaonekana kwenye vyuma.

Kwanza walirusha uzi kwa roketi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya, waya ukavuta kebo nene. Juu ya kebo hiyo kilipita kitoroli cha umeme chenye uwezo wa kubeba tani 10 kwa safari moja. Hivyo ndivyo vyuma vya upande wa kaskazini vilivyovushwa, kwa kuwa reli ilikuwa imefika upande wa kusini tu.

Kisha kila nusu ya upinde ilianza kuota kutoka kwenye mwamba wake, kipande kwa kipande, ikining'inia hewani. Kitu pekee kilichozuia isiangukie mbele ni kebo za waya zilizofungwa kwenye sehemu yake ya juu na kurudishwa nyuma hadi kwenye mwamba imara. Nusu mbili zikaendelea kusogeleana. Zilipokutana, upinde ukajibeba wenyewe na kebo zikaondolewa.

Siku ya kukutana ilileta kizaazaa. Jioni moja mwishoni mwa Machi 1905 mafundi walikuta chuma cha katikati kimezidi kwa kama sentimita tatu, hakiingii. Tarehe 1 Aprili alfajiri kiliingia sawasawa. Hakuna muujiza: chuma hurefuka kwa kama sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua mita 156.5, zidisha kwa tofauti ya nyuzi 20 kati ya mchana na alfajiri, utapata karibu sentimita nne. Baridi ya usiku ilifanya kazi ambayo nyundo isingeweza.

Kama chuma kinarefuka kila siku, kwa nini daraja halipindi?

Kwa sababu miguu ya upinde haikugandishwa kwenye mwamba. Kila mguu umekaa juu ya bawaba, pini nene ya chuma inayouruhusu kuzunguka kidogo. Joto likipanda, upinde hauwezi kusukuma kuta za korongo zikasogea, kwa hiyo kitovu chake huinuka kidogo; usiku kinashuka. Upinde wa namna hii huitwa wa bawaba mbili. Ukiona mabano makubwa ya chuma chini kabisa, pale upinde unapogusa ukuta, hapo ndipo uzito wote wa daraja, treni na malori unapoishia.

Ukiwa na wageni, waonyeshe pia pembetatu zinazojaza nafasi kati ya upinde na sakafu. Hizo ndizo zinazogawa uzito wa treni usiegemee sehemu moja. Pembenne ya vyuma husukumwa ikalala. Pembetatu hailali mpaka chuma chenyewe kikatike.

Je, reli, magari na watu wa miguu wote wanatumia sakafu moja?

Ndiyo, lakini haikuwa hivyo mwanzo. Mwaka 1905 kulikuwa na njia mbili za reli. Kati ya 1929 na 1930 sakafu ilijengwa upya, ikainuliwa na kupanuliwa, ikabaki njia moja ya reli, barabara ya magari na njia ya miguu. Barabara ni nyembamba na malori ya mizigo hupita polepole. Baki kwenye njia ya miguu hata pakionekana patupu. Treni ya mizigo haina ratiba itakayokufaa wewe.

Kwa wapenzi wa reli: upana wa reli ya pale ni milimita 1,067, sawa na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Reli yetu ya Tanga–Moshi–Arusha ni ya milimita 1,000. Kwa maneno mengine, behewa lililosimama stesheni ya Moshi haliwezi kufika Victoria Falls bila kubadilishwa magurudumu, bali la stesheni ya TAZARA Dar es Salaam linaweza, na treni ya kifahari ya Rovos Rail hufanya safari hiyo kati ya Dar es Salaam na Cape Town.

Ni kweli mkutano wa siasa ulifanyika juu ya daraja?

Kweli. Agosti 1975 mabehewa ya treni yalisimamishwa juu ya daraja ili Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), akutane na viongozi wa wapigania uhuru wa Zimbabwe bila upande wowote kulazimika kuingia ardhi ya mwenzake. Kenneth Kaunda wa Zambia na John Vorster wa Afrika Kusini ndio waliosimamia. Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa marais wa nchi za mstari wa mbele waliokuwa wakishinikiza mazungumzo hayo. Yalivunjika upesi, na vita vikaendelea hadi makubaliano ya Lancaster House ya 1979.

Nikitaka kuliona daraja tu, lazima nigonge mihuri ya nchi zote mbili?

Hapana, na hili ndilo jambo wasafiri wengi hawaambiwi. Unaweza kutembea darajani kwa kibali kidogo cha daraja kinachotolewa na uhamiaji wa nchi uliyopo, bila kugongewa muhuri wa kutoka.

Utaratibu ni huu. Ingia ofisi ya uhamiaji ukiwa na pasipoti, usisubiri mpaka ufike mbele ya dirisha la muhuri ndipo useme. Sema mapema unakwenda darajani na kurudi. Utapewa kikaratasi chenye muhuri. Geti la kutokea huangalia kikaratasi hicho, nawe unakwenda kwa miguu. Ukirudi unakirudisha.

Yanayoharibika ni matatu. Wapo wanaokaa kimya, wakagongewa muhuri wa kutoka, kisha wakalazimika kuingia nchi ya pili ndipo warudi. Wapo wanaopoteza kikaratasi kwa kukishika mkononi mahali penye upepo na rasharasha. Kiweke ndani ya pasipoti, na pasipoti ndani ya mfuko wa nailoni. Na wapo wanaovuka mpaka mwisho wa daraja wakidhani kibali kinawaruhusu kuingia upande wa pili. Hakiruhusu. Mwisho wako ni daraja.

Daraja lenyewe halina kiingilio kwa anayetembea juu yake. Unacholipia ni hifadhi za maporomoko, ambazo ni jambo jingine.

Mtanzania anahitaji viza?

Hahitaji, si Zambia wala Zimbabwe, kwa ziara ya kawaida. Hakikisha pasipoti ina zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha na kurasa tupu za kutosha, maana kwenda na kurudi kwa barabara kunakula mihuri mingi. Mtoto asafiri na pasipoti yake, cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa kama yuko na mzazi mmoja au na shangazi.

Na wageni wetu wa kutoka Ulaya au Marekani, wakitoka Kilimanjaro kwenda kule?

Wengi wao hufaidika na viza ya pamoja ya KAZA, ambayo bei yake imekuwa dola 50 na hudumu siku 30. Inaruhusu kuvuka daraja kwenda na kurudi mara nyingi ndani ya Zambia na Zimbabwe, pamoja na kwenda Botswana kupitia Kazungula kwa siku moja. Mgeni mwenye viza ya kuingia mara moja tu akivuka bila kujua, hulipa tena ili arudi hotelini kwake. Si kila uraia unakubaliwa, hivyo mwongozaji aangalie orodha kabla ya kuuza safari.

Tukienda kwa basi, njia ni ipi na inachukua muda gani?

Kutoka Arusha: Babati, Dodoma, Iringa, Mbeya, Tunduma. Kutoka Moshi baadhi ya mabasi ya Mbeya huzunguka kwa Segera, Chalinze na Morogoro. Uliza kabla ya kukata tiketi, kwa sababu tofauti ni masaa. Ukivuka Tunduma unaingia Nakonde, kisha Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Kabwe na Lusaka, kama kilomita 1,000. Lusaka hadi Livingstone ni nyingine 470 na ushee. Jumla kutoka Arusha ni karibu kilomita 2,600 kwenda tu.

Panga siku nne za njiani zenye nafasi ya kuchelewa. Nani anasema siku mbili na nusu? Wapo, na wengine hufika. Lakini Zambia imepiga marufuku mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, kwa hiyo basi lililochelewa kutoka Nakonde litalala njiani nawe ukiwa ndani. Kukata tiketi ya Livingstone ya siku ileile unayotarajia kufika Lusaka ni kujitafutia hasara. Lala Lusaka, panda basi la asubuhi.

Tunduma yenyewe ina msongamano wa malori usiokwisha. Wewe mtu wa miguu usihangaike na foleni yao, nenda moja kwa moja kwenye jengo la kituo cha pamoja. Unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo moja. Anayekufuata akidai "kukusaidia kugonga" hana kazi yoyote ambayo huwezi kuifanya mwenyewe.

Treni ya TAZARA je?

Ikitembea, ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kulifikia daraja la reli. Kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, nawe unaweza kuipandia Mbeya badala ya kushuka hadi Dar. Lakini huduma ya abiria imekuwa ikisimama mara kwa mara, na reli hiyo imeingizwa kwenye mpango mkubwa wa ukarabati. Usijenge safari nzima juu yake kabla ya kuthibitisha stesheni kwamba treni ipo wiki hiyo. Kutoka Kapiri Mposhi unamalizia kwa basi.

Na kwa ndege?

Kuna viwanja viwili, Livingstone na Victoria Falls, vyote karibu. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka KIA, kiwanja cha Kilimanjaro. Watu wa kaskazini wengi hupitia Nairobi au Addis Ababa. Kwa wa Arusha, gari la Namanga hadi Nairobi halafu ndege hupunguza gharama, ila acha usiku mmoja katikati. Tazama bei za viwanja vyote viwili kabla ya kulipa, kwani daraja linaviunganisha na tofauti ya nauli inaweza kuwa kubwa kuliko gharama ya teksi.

Msimu gani ni mzuri?

Inategemea unataka kuona maji au chuma, na hapa ndipo tunapotofautiana na matangazo mengi ya utalii.

Maji huwa mengi kati ya Machi na Mei, kilele kikiwa karibu na Aprili. Wakati huo ngurumo ni ya kutisha na inafaa kusikika, lakini mvuke hufunika korongo, darajani unaloa, lenzi ya kamera inajaa matone na upinde unaonekana vipande vipande. Njia ya kushuka Boiling Pot, upande wa Zambia, hufungwa maji yakiwa juu.

Oktoba na Novemba maji huwa haba kabisa. Upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta hubaki mwamba mkavu, na wageni waliolipa pesa nyingi hununa. Lakini kwa daraja ni wakati bora: hewa wazi, vyuma vyote vinaonekana hadi kwenye bawaba, njia ya Boiling Pot imefunguliwa. Tatizo ni joto. Oktoba hupita nyuzi 35 kirahisi, na mtu wa Arusha ataliona.

Tukiulizwa chaguo moja, tunasema kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti. Maji bado yapo, mvuke umepungua, mvua hakuna. Beba sweta, asubuhi na usiku ni baridi.

Tusimame wapi kuliona vizuri?

Sehemu tatu, na usiridhike na moja.

Juu yake, kwenye njia ya miguu. Hapa hulioni daraja, unaona linachovuka. Tembea hadi katikati, tazama upande wa maporomoko, kisha vuka kwa uangalifu uone korongo linavyokata kona.

Kutoka mbali upande wa Zimbabwe. Veranda ya Victoria Falls Hotel, hoteli iliyoanza 1904 wakati reli ikifika, inalitazama daraja kwa mbele, na kwenye ukingo wa korongo kuna mgahawa wa Lookout Café ulio karibu zaidi. Ukiwa hapo unatazama upande wa mashariki, kwa hiyo nenda alasiri jua likiwa mgongoni mwako. Asubuhi utapata kivuli cheusi chenye umbo la upinde. Ndani ya hifadhi, mwisho wa njia kupita Danger Point, kuna mahali pengine pa kulionea.

Kutoka chini, Boiling Pot. Ni mteremko wa ngazi na mawe kupitia msitu mnene wa korongoni, wenye mawe yanayoteleza kuelekea mwisho. Vaa viatu vyenye meno, ndala uziache. Chini unainua macho na upinde wote umekaa juu yako. Kupanda ndiko kunakochosha. Aliyezoea kupanda Mlima Kilimanjaro hatalalamika, wengine wabebe lita moja na nusu ya maji kila mtu.

Usirushe droni. Ni mpaka wa nchi mbili, na ruhusa yake si ya kuombwa getini. Usipige picha maofisa wala ofisi za mpakani.

Kuna ziara ya kupita chini ya sakafu ya daraja?

Ipo. Unavalishwa mkanda wa usalama unaonaswa kwenye waya, unapita kwenye kijia cha mafundi chini ya sakafu, na mwongozaji anaeleza ujenzi. Kwa anayependa vyuma, hii inazidi thamani ya kuruka kwa kamba. Utaona ribiti, yaani misumari minene ya chuma ya kuunganishia, kwa karibu: daraja zima liliunganishwa kwa ribiti zilizopigwa zikiwa moto, na zikipoa zinajikaza zenyewe. Vaa suruali na viatu vya kufunga. Simu iwe na kamba shingoni au ibaki mfukoni. Mita 128 hazirudishi kitu. Weka nafasi siku moja kabla, nawe bado utahitaji kibali cha daraja kutoka uhamiaji.

Kuruka kwa kamba je, ni salama?

Mruko ni wa mita 111 kutoka katikati ya daraja. Mwishoni mwa 2011 kamba ilikatika, na aliyeruka akaokoka majini. Baada ya hapo maswali hayajaisha, na ni haki yako kuuliza kamba hubadilishwa baada ya miruko mingapi. Unapimwa uzito kwanza kwa sababu kamba huchaguliwa kwa uzito, hivyo usidanganye kilo zako kwa aibu. Mwenye presha, matatizo ya macho, mgongo au mimba asiruke. Pesa hairudishwi ukiogopa ukingoni, soma fomu.

Saa za kule ni zipi?

Nyuma yetu kwa saa moja. Tena hawahesabu saa kwa Kiswahili: wakisema saa moja mchana wanamaanisha baada ya adhuhuri, siyo jioni ya kwetu. Mpaka wa darajani kwa kawaida hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku kwa kuhesabu kwetu, yaani 6:00 hadi 22:00 kwenye saa zao. Thibitisha siku hiyohiyo, hasa ukiwa umelala upande mmoja na kula upande wa pili.

Tubebe fedha gani?

Zambia tumia kwacha. Zimbabwe dola za Marekani ndizo zinazotembea zaidi, ingawa kuna sarafu ya ZiG tangu 2024. Beba dola safi, zisizochanika, na nyingi ziwe ndogo: za 1, 5 na 10, kwa sababu chenji ni tabu.

Tunduma kuwa macho. Zambia ilikata sifuri tatu kwenye kwacha 2013, na 2025 ikatoa noti mpya tena. Wabadilishaji wa barabarani huwauzia wageni noti zilizokwisha muda. Badilisha kiasi cha nauli na chakula tu, ndani ya duka la fedha, mengine Lusaka.

Getini kwenye hifadhi za maporomoko, taja kabla ya kulipa kwamba wewe ni wa nchi ya SADC na onyesha pasipoti. Kuna viwango tofauti, na ukishalipa cha mgeni wa mbali hurudishiwi.

Wachuuzi na nyani?

Wachuuzi wa darajani huuza bangili za shaba na noti za zamani za Zimbabwe, ikiwemo ile ya trilioni 100. Hazinunui chochote, ni kumbukumbu. Bei ya kwanza ni ya kuanzia mazungumzo, kama kwa wauza vinyago wa kwetu. Nyani ni wezi wa kweli: usibebe ndizi wala mfuko wa plastiki unaoonekana, na akikunyang'anya usimvute.

Nikienda na gari langu?

Kadi ya gari kwa jina lako, au barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na mwanasheria. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika: Tanzania ilijitoa COMESA lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, hivyo inakatwa hapa nyumbani. Zambia utalipia kodi ya hewa ukaa na ushuru wa barabara vituoni, na forodha watakupa kibali cha muda cha gari. Kitunze, utaulizwa kwenye vizuizi. Beba pembetatu mbili za tahadhari, na weka stika za kuakisi mwanga, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Jaza mafuta Mpika na Serenje hata tanki likiwa nusu.

Kama lengo ni daraja tu, acha gari upande uliolala. Kulivusha kunakuingiza kwenye forodha mbili kwa matembezi ya dakika kumi.

Afya?

Kadi ya homa ya manjano ibebe, hasa kwa njia ya barabara. Malaria ipo bonde lote la Zambezi. Wa Arusha waliozoea baridi ya juu ndio husahau chandarua na dawa ya kupaka.

Plagi za umeme?

Zile zile za kwetu, za pini tatu. Mgao wa umeme nao upo, kwa hiyo chaji pawabenki kila unapopata nafasi.